Yai la Kwenye Kishikwambi

Watafiti wanaipenda Elerai, na sababu zao nazijua. Tuko karibu na katikati ya Jiji la Arusha kiasi kwamba mtu anapanda kifodi asubuhi, anahoji kaya zake, na saa saba mchana ameshakaa mezani mjini anasubiri kuku. Hapo hapo tuko pembeni kiasi cha kuwa na ng'ombe mmoja mmoja, migomba nyuma ya nyumba, na vumbi linalopendeza kwenye picha za ripoti. Tumeshaulizwa habari za vyoo. Tumeulizwa vyandarua, kuni, simu, na kama mwenye nyumba ana redio. Sensa ya Agosti 2022 ilipopita nilidhani tumemaliza, maana karani aliondoka akijua kila kitu changu isipokuwa ndoto zangu. Kumbe ilikuwa hodi tu.

Safari hii wamemfuata mjukuu wangu.

Mjukuu mwenyewe hajatimiza miaka miwili. Hapa nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hafanyi kazi yoyote, anahudumiwa na watu wote, na akisimama kuongea hakuna anayemwelewa lakini wote tunapiga makofi. Baba yake ni dereva wa watalii. Muda mwingi yuko Serengeti akiwaeleza wageni simba anakula nini, saa ngapi na kiasi gani. Mama yake, mkwe wangu, ana kazi mjini. Mchana Mheshimiwa anabaki na bibi yake, dada wa kazi, na mimi mstaafu ambaye ukoo mzima umekubaliana kwamba sina shughuli.

Binti wa dodoso alikuja Jumamosi, siku ambayo mkwe wangu yuko nyumbani. Heshima anayo, siwezi kumsingizia. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, karibu kiti." Akauliza mlezi mkuu wa mtoto ni nani. Nikakaa vizuri, nikakohoa. Akanipita, akamfuata mkwe wangu sebuleni.

Wakaulizana, wakajibizana, kishikwambi kikabofywa weee, mwisho tukaachiwa mche wa sabuni wa shukrani. Nikasema haya, yamekwisha. Zikapita wiki mbili hivi. Binti yule yule, kishikwambi kile kile, maswali yale yale.

"Mwanangu, majibu ya siku ile yamepotea?"

"Hapana babu, yapo salama."

"Au unadhani tumebadilisha mtoto?"

Akacheka kwa adabu. "Hapana babu. Tunarudia ili tuone kama dodoso lenyewe linaaminika."

Chai ikanipalia. Yaani mtu anaingia kwangu, anakunywa chai yangu ya maziwa, anamweka mkwe wangu karibu saa nzima, halafu anasema anayepimwa si mtoto, wala si sisi. Yanayopimwa ni maswali yake! Si angeyaivisha huko huko, yakishaiva ndiyo ayalete?

Si kwamba nalidharau jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ukakuta 30. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, wakuu wa mikoa walisainishwa mikataba ya lishe mwisho wa 2017, na bado Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayojaza maghala ya nchi, ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Kumbe ghala halina ushahidi wowote. Ukitaka kujua mtoto anakula nini huna budi kwenda mpaka kwenye bakuli lake, na kwa kuwa bakuli halisemi na mwenye bakuli bado hajajua kusema, unabaki kumuuliza mama. Na kama mkoa utaletewa unga, mafunzo au lawama kwa kufuata kauli ya mama, ni haki mtu akague namna mama anavyoulizwa. Mpaka hapo binti na mimi tuko pamoja.

Ugomvi wetu unaanzia kwenye yai.

Utaratibu wa kimataifa, ule uliotolewa upya na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2021, unataka mama wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 aulizwe mtoto alikula nini jana, mchana na usiku. Vyakula vimegawanywa makundi manane, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo, na mtoto akigusa walau matano amefaulu. Kliniki walitufundisha makundi matano basi, kwa hiyo niliposikia binti anahesabu la sita nikajua mtaala umebadilishwa tena. Juu ya hayo ya jana, dodoso la binti liliongeza maswali ya kawaida: kwa wiki, mtoto anakula hiki mara ngapi, anakula kile mara ngapi.

"Mayai?" binti aliuliza siku ile ya kwanza.

"Mara tatu mpaka nne kwa wiki," mkwe wangu akajibu bila kupepesa macho.

Mimi niko barazani, dirisha liko wazi. Kuku wetu pekee mwenye uwezo alikuwa ameatamia. Yai la dukani sijaliona likipita getini, na getini ndipo ninaposhinda. Lakini kliniki nesi amesema yai, Siku ya Afya na Lishe wamesimama chini ya mti wakasema yai, na mkwe wangu ni mwanafunzi mzuri. Alisikia swali la mtihani, akatoa jibu la mtihani.

Mara ya pili: "Mayai?"

Akasita kidogo. "Hivi dada, siku ile nilisema ngapi?"

"Siruhusiwi kukuambia, mama. Hata mimi hapa sioni."

"Andika tatu mpaka nne."

Majibu yakalingana. Swali la yai likafaulu.

Nimefanya kazi ya mizani maisha yangu yote, kwenye shamba la kahawa, kwa hiyo hapa nina neno. Tulikuwa na mizani moja iliyokuwa inapunja kilo mbili kila gunia. Haikukosea hata siku moja. Asubuhi kilo mbili, jioni kilo mbili, masika kilo mbili, kiangazi kilo mbili. Kwa vigezo vya binti, mizani ile ilikuwa ya kuaminika mno. Wakulima walikuwa na jina lake jingine. Ilinyooshwa pale mkaguzi wa vipimo alipokuja na mawe yake yenye uzito unaojulikana, akayaweka juu, akatazama mshale, akatutazama sisi. Sasa jiwe la kukagulia dodoso liko wapi? Liko tumboni mwa Mheshimiwa, na Mheshimiwa hatoi hesabu kwa mtu.

Binti alikubali kwamba kulingana kwa majibu ni jambo moja na ukweli ni jambo jingine, na kwamba la pili lina kipimo chake, litafuata. Ila kwanza akanieleza hesabu ya kulingana, maana niliidai. Alianza Mmarekani aitwaye Jacob Cohen, mwaka 1960, kwa hesabu inayoitwa kapa. Cohen alikuwa mtu mwenye wivu, nampenda kwa hilo. Alisema majibu mawili yakilingana usikimbilie kushangilia. Kwanza ondoa yale ambayo yangelingana kwa bahati tu. Kila mtoto wa Elerai anakunywa uji. Uliza leo, uji. Uliza mwezi ujao, uji. Muulize dereva wa bodaboda wa pale kona ambaye hamjui mtoto wala mama yake, atasema uji, na atapata. Hilo Cohen halipi maksi. Mwaka 1977 wakaja wengine wawili, Landis na Koch, wakapanga madaraja: kuanzia 0.61 makubaliano ni makubwa, ukivuka 0.80 umekaribia ukamilifu.

Tazama sasa mambo yanavyogeuka. Swali la uji, ambalo mtaa mzima unasema kweli tupu, linaweza kupata alama mbovu, kwa sababu kila mtu kajibu vilevile na hakuna cha kutofautisha. Swali la yai, ambalo nusu ya akina mama wanajibu kutoka kwenye bango la kliniki na nusu wanajibu kutoka jikoni, likiulizwa mara mbili linang'ara. Nikamuuliza binti kama Cohen alikuwa na mkwe. Hakujua.

Aliyeniuma zaidi ni jirani yetu wa upande wa kusini. Mama yule hana unafiki hata wa kuazima. Mara ya kwanza alisema mwanawe anakula maharage kila siku, na ni kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nakiona kile kitoto kimepakwa maharage mpaka masikioni. Kabla ya mara ya pili jino likaota, tumbo likaharibika kidogo, na mtoto akaapa kwa lugha yake kwamba maharage basi. Sasa ni andazi, na andazi lenyewe alilikataa likiwa zima, anataka lililoshikwa na mtu mwingine. Mama akaeleza hivyo hivyo. Kwenye hesabu ya binti huyo ndiye shahidi mbovu, kigeugeu. Amesema kweli mara mbili, amefeli mara mbili.

Ukitafakari utaona hapa ndipo penye mfupa wa jambo hili. Wataalamu wanaacha siku kadhaa kati ya hojaji mbili, mara nyingi wiki mbili au zaidi, kwa hesabu nzuri tu: zisiwe chache, mama akakumbuka alichojibu, zisiwe nyingi, mtoto akabadilika. Kwa mtu mzima inawezekana. Mimi nimekunywa chai ile ile tangu enzi za Mwalimu, njoo baada ya mwaka utanikuta. Kwa mtoto anayejifunza kutembea na kula kwa wakati mmoja, siku hizo hazipo. Mpaka mama asahau jibu lake, mtoto ameshaota meno mawili, ameacha maharage, ameyarudia, na ameanza kula chaki ya ukuta. Chaki nayo haikuulizwa.

Tukija kwenye orodha ya vyakula, ndipo nilipovuta kiti changu mpaka sebuleni, mtu mzima asije akafa na yake moyoni. Orodha ilikuwa na jibini. Ilikuwa na nafaka za asubuhi za kwenye boksi. Loshoro hakuna.

"Mwanangu, uko Arusha, unauliza jibini unaacha loshoro?"

"Babu, tunaiandika kwenye 'vinginevyo', halafu tunaigawa. Mahindi yanaenda kundi la nafaka, maziwa mgando yanaenda kundi la maziwa."

Loshoro imetengwa na loshoro yenyewe. Kiburu nacho kikapasuliwa, ndizi huku, maharage kule. Hapo angalau mtoto anapata makundi mawili kwa kijiko kimoja, nikanyamaza. Nilichoshindwa kunyamazia ni supu. Bibi yake humchemshia Mheshimiwa mifupa tangu asubuhi mpaka nyumba nzima inanukia, na hicho kwetu ndicho chakula cha mtoto chenye heshima, mzazi akitoka uzazini ananyweshwa hicho hicho. Kishikwambi kikaiweka supu nyepesi kwenye orodha ya vinywaji, pamoja na maji. Kundi la nyama, sifuri. Kama nyama haikuingia mdomoni, haikuliwa, alisema binti, na kusema kweli amenishinda kwa hoja, lakini sitamwambia bibi, maana nami nakaa nyumba hiyo hiyo.

Na magadi? Hapa tuko miguuni mwa Mlima Meru. Maji ya sehemu nyingi za huku yana floraidi nyingi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi, ndiyo maana Mwarusha akicheka Dar es Salaam anaulizwa kama anavuta sigara. Kule Ngurdoto kilijengwa kituo kizima cha kutafiti namna ya kuiondoa. Magadi nayo huwa na floraidi yake, na magadi ndiyo yanayolainisha makande tunayomsagia mtoto asiye na meno ya kutosha, tukiyaharibu kabla hayajaota. Dodoso liliuliza chumvi. Liliuliza sukari. Liliuliza kama mtoto anapewa soda, na mkwe akasema hapana, mtoto haijui kabisa soda, wakati Mheshimiwa mwenyewe amesimama mlangoni ananyoosha kidole dukani kwa mangi anasema "tota, tota". Magadi hakuna aliyeyataja. Mtu aliyetunga orodha ile huenda ni msomi mkubwa, ila hajawahi kupika makande kwa mkaa wa bei ya sasa.

Sehemu ya tabia za kula sitaizungumza sana, presha isije ikapanda. Maswali ya namna hiyo yana asili yake. Maarufu kuliko yote ni yale aliyoyatunga Jane Wardle na wenzake London mwaka 2001, sentensi 35, mzazi anachagua kuanzia kamwe mpaka siku zote. Yametafsiriwa na kusambaa dunia nzima na yamefanya kazi kubwa. Lakini ya binti, yaliyotungwa kwa kufuata mtindo huo, yalitaka kujua kama mtoto anakula polepole. Polepole kwa kulinganisha na nani? Mheshimiwa akiwa peke yake na bakuli la mnafu anakula kama mtu anayesaini mkataba, kila tonge analisoma kwanza. Likizo binamu zake wakija na sinia likiwekwa chini, hakuna polepole. Aliyekula polepole alishakosa. Yakataka kujua kama anashiba upesi. Kwa mnafu anashiba kabla ya kuonja. Kwa chipsi sijamwona akishiba. Mkwe wangu naye alishachoka, mguu wake umelala, akagundua neno la katikati, "wakati mwingine", akaliganda mpaka mwisho. Mara ya pili akaanza nalo mwanzo. Unafikiri yalikosa kulingana?

Nimeyasema yote haya nikizunguka jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni kwamba wanamuuliza mtu ambaye hakuwepo.

Nihesabu mikono inayomlisha mtoto huyu kwa siku moja ya kawaida. Mama yake anamnyonyesha alfajiri, anapanda kifodi. Dada anampa uji. Robo inaingia, robo inabaki, nusu iliyobaki iko chini, na kuku wanakuja mbio maana ratiba wanaijua. Kuku akishiba uji anataga, kwa hiyo sijui uji ule uandikwe nafaka au mayai. Saa nne bibi yake yuko jikoni na mtoto yuko miguuni mwake, kila kifuniko kikifunguliwa kuna kionjo: kiazi, punje ya makande, ncha ya kijiko. Bibi huyu ukimuuliza kama amemlisha mtoto anakataa kwa kiapo. Yeye hajamlisha, amemnyamazisha. Mimi na Mheshimiwa tukikaa barazani ninampa mfupa wa mbuzi anaousugua na fizi zake, na siombi radhi kwa mtu, mimi na baba yake tulikulia hapo hapo. Dada akienda dukani amembeba, mangi hana chenji ya shilingi hamsini, chenji inakuwa pipi, na pipi haina mwenyewe mwingine. Watoto wa jirani wanaingia na lambalamba, anaramba ya huyu, anaramba ya yule. Fundi anayejenga ukuta wa nyuma ana mhogo wa kuchemsha. Jumapili kanisani kuna akina mama ambao hawajawahi kutoka nyumbani bila biskuti kwenye mkoba. Jioni mama yake anashuka kituoni, miguu imevimba, anauliza mlangoni:

"Amekula?"

"Amekula, mama."

Ndiyo taarifa yote ya siku. Kwa maneno hayo mawili mkwe wangu anatakiwa ajaze makundi manane. Anachomweleza binti si anachokumbuka; ni anachokisia, kikachanganywa na anachokitamani, kikamaliziwa na alichofundishwa kliniki. Ukimrudia baada ya wiki mbili ukakuta amekisia vilevile, umegundua nini? Umegundua kwamba mama ana msimamo. Na dada, ambaye ndiye anayejua, wakati wote wa mahojiano alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatazama sakafu. Hakuna kisanduku chake.

Nikamweleza binti haya yote. Akaniambia kwamba hata wao wanalijua, na wenzao walishahangaika nalo. Miaka ya 1990 huko Malawi vijijini, Rosalind Gibson na Elaine Ferguson waliona watoto wanakula sahani moja na wenzao na mama hawezi kujua nani kala kiasi gani. Wakawapa akina mama bakuli la mtoto peke yake na karatasi yenye picha za vyakula, waweke alama kila kinapoliwa, kisha siku ya pili ndiyo waulizwe. Na majibu wakayapambanisha na chakula kilichopimwa kwenye mizani. Nikauliza bakuli letu liko wapi, sisi tumepewa sabuni. Akanitajia pia Haydom, ambayo ilikuwa ya mkoa wetu kabla Manyara haijamegwa 2002: kwenye mradi wa MAL-ED, uliokuwa na vituo katika nchi nane, kuanzia mwishoni mwa 2009 watoto walifuatwa tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, wahudumu wakipita nyumbani mara mbili kwa wiki. Mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili! Hapo mama hana hata nafasi ya kutunga. Au anatunga vizuri sana, amepata mazoezi.

"Na sisi tunaleta mizani, babu. Siku moja tu, kuanzia asubuhi mpaka mtoto alale."

Mizani! Hilo neno lingetangulia tangu siku ya kwanza tusingegombana.

Akaja kweli Jumamosi, jua halijatoka, na kamizani ka jikoni ka betri. Nikamwomba kwanza akaweke mezani, si kwenye mkeka, halafu akaweke sifuri na bakuli likiwa juu yake. Akafanya. Nikamuuliza kamekaguliwa lini. Akaniambia babu, pumzika.

Kumbe ilikuwa kama Krismasi. Bibi alishapata taarifa tangu usiku. Mtori ukapikwa na nyama inayoonekana kwa macho, ikakatwa vipande ili kishikwambi kisipate kisingizio. Mnafu, parachichi, papai, maziwa, na katikati ya meza, kwenye kisahani chake, yai la kuchemsha lililomenywa. Kila kitu kikapimwa kabla, masalia yakapimwa baada, cha sakafuni kikaokotwa na kupimwa pia kabla kuku hawajafika. Gramu zote za kweli. Siku yenyewe ndiyo haikuwa ya kweli.

Mheshimiwa akalitazama lile yai kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja na begi. Akalisukuma. Bibi akalirudisha. Akalisukuma tena, akageukia mlango wa uani, akanyoosha mkono.

"Titi," akasema.

"Nini, baba?" mama yake akauliza.

"Titi!"

Dada akaanza kutazama sakafu, safari hii kwa bidii. Siri ikatoka polepole. Ile hela ya mayai ambayo mkwe wangu huiacha kila wiki ilikuwa inakwenda kwenye kibanda cha chipsi kule nyuma, wanakopitia mlango wa uani, mbali na geti langu. Chipsi mayai, sahani moja, vijiti viwili. Mara ngapi kwa wiki? Dada akahesabu kwa vidole. Mara tatu, akasema. Nyingine nne.

Sebule ikawa kimya, kisha mkwe wangu akapiga kofi pajani. "Kumbe nilikuwa nasema kweli!"

Alikuwa anasema kweli. Mara zote mbili, bila kujua. Binti naye hakujua amfanyeje, kwa sababu mwongozo ule wa 2021 una swali jingine la vyakula visivyomfaa mtoto, na chipsi zimo. Sahani moja ya kibandani imempandisha Mheshimiwa kwenye kundi la mayai na papo hapo imemtia kwenye kapu la lawama. Akabofya ndiyo huku, akabofya ndiyo kule. Dada akapewa kiti, kwa mara ya kwanza, akaanza kuulizwa yeye.

Wakiwa humo, Mheshimiwa akawa amenyang'anywa bakuli la mtori katikati ya kula ili lipimwe, na hilo hakulikubali. Akajitupa chini, akalia kilio cha kuita mtaa. Bibi ameshika sufuria, mama ameshika simu, dada yuko kwenye mahojiano. Binti, mkono mmoja ukiendelea kubofya, akatia mwingine kwenye mkoba wake, akatoa biskuti, akampa. Kimya.

"Hiyo umeipima?" nikauliza.

"Hii ni yangu babu."

"Iko mdomoni mwa nani?"

Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akambembeleza mpaka akampokonya kipande kilichobaki, akakiweka juu ya kamizani, sifuri ikiwa sawa, nilihakikisha. Gramu mbili.

"Na alichokimeza?"

"Sijui babu, sikuipima ikiwa nzima."

"Andika tatu mpaka nne," nikamwambia.